Herufi Niliyoinyoosha

Jumatatu ya tarehe nne, mwezi wa sita, saa mbili na dakika kumi asubuhi, nilifungua mlango nimwage maji ya brashi, nikakuta karatasi mbili zimebandikwa kwenye ubao wa mlango wangu. Gundi ilikuwa bado mbichi, inachuruzika. Aliyebandika hakuwa amefika mbali, lakini sikumtafuta. Nilizitazama herufi.

Ndivyo nilivyo. Watu wengine wakiona maandishi husoma. Mimi huangalia kwanza herufi imekaaje, imeachiana nafasi gani na mwenzake, mguu wake umekanyaga mstari au unaning'inia. Shule niliacha darasa la nne, na kusoma kwenyewe nilijifunzia juu ya ngazi nikichora vibao vya maduka ya watu. Kwa hiyo ile karatasi ya kwanza, iliyopigwa kwa kompyuta, niliiruka. Ya pili ilikuwa nakala ya hati ya nyumba, zile za miaka arobaini nyuma, na kichwa chake kilikuwa cha herufi nene zenye vivuli: IDARA YA USAJILI WA NYUMBA. Nikasema moyoni, kazi safi hii. Aliyeifanya ana jicho.

Halafu nikaiona S.

Ilikuwa imesimama sawasawa, kichwa kidogo juu, tumbo kubwa chini, kama mama aliyeketi. Nikashika fremu ya mlango, kopo likaniponyoka, maji ya rangi yakanilowanisha miguu yote miwili. Maana hati zote za kweli za mji huu, kila moja, S yake imepinduka. Najua kwa sababu niliyeipindua ni mimi. Na yule aliyeinyoosha baadaye, mara moja tu, ni mimi vilevile.

Ndipo nikasoma ile karatasi ya kwanza. Ilisema nyumba zote kumi na nne za upande wetu wa barabara ni mali ya kampuni fulani ambayo sijawahi kuisikia, kwa hati iliyotangulia hati zetu kwa miezi miwili, nakala imeambatanishwa, na kwamba sisi tuliomo ndani tuna siku thelathini za kuhama kabla tingatinga halijaja.

Lazima nieleze kazi yangu, la sivyo hamtaelewa hofu yangu.

Nilianza na vibao. Kinyozi, duka la dawa, fundi saa, mwuza vioo, wote niliwachorea. Kisha mbao za mabasi, zile za kuonyesha gari linakwenda wapi. Kisha nikachora picha za viberiti: farasi anayekimbia, na farasi mwenyewe sijawahi kumwona kwa macho, nilimwiga kwenye kalenda. Kisha mabango ya sinema. Pale nilichora nyuso zenye upana wa mlango, machozi yenye ukubwa wa sahani, na meneja wa sinema akija kukagua alikuwa na neno moja tu, "Ongeza damu." Nikaongeza damu hata kwenye filamu za harusi.

Kazi hizo zote mke wangu alikuwa nami. Yeye ndiye aliyekuwa akikata karatasi za stensili, zile zenye matundu ya kupitishia rangi, na jicho lake lilikuwa kali kuliko langu. Nilimwita Bibie. Akisimama nyuma yangu akaguna, najua nimeharibu.

Baadaye nikachukuliwa kwenye kiwanda cha uchapaji cha serikali. Hapo ndipo ilipozaliwa ile S. Ilikuwa idara mpya, na kabla yake hakukuwa na hati za nyumba za aina ile. Mkuu wa kiwanda akaniambia anataka kichwa cha hati kabla ya Ijumaa kwa kuwa mheshimiwa anakuja kukagua. Siku hizo nilikuwa nachora kila herufi kwenye kadi yake, nakata, napanga kadi kwenye ubao, nabandika kwa gundi, ndipo inapigwa picha ya kutengenezea bamba la kuchapia. Kadi ya S ukiigeuza kichwa chini miguu juu bado ni S, mtu wa kawaida haoni kitu. Lakini tumbo linahamia juu, na herufi nzima inakaa kama mlevi anayetaka kuinamia kiatu chake. Nilifanya haraka, nikaibandika hivyo.

Aliyeona ni Bibie. Nilimletea nyumbani hati moja ya kwanza kwa kujivuna, akaitazama, akaguna. "Mume wangu, mbona huyu wa katikati kasimama kwa kichwa?"

Kesho yake nilikimbia kwa mkuu. Akanijibu bila kuinua macho, "Zimeshachapwa elfu ishirini. Wewe unadhani wananchi wana macho yako? Nenda kafanye kazi." Zikatumika miaka tisa, mpaka zikaisha. Kila nyumba mjini humu ikahifadhi kosa langu ndani ya sanduku. Mimi mwenyewe nikipewa hati ya nyumba yangu niliikunja haraka nisiione.

Basi ndiyo hivyo. Zilipokuja kompyuta, mkuu mwingine, mwenye tai, alitupa barua za shukrani na kutufungulia geti. Nikaandika majina kwenye mawe ya makaburi miaka kadhaa, wateja wasiolalamika. Kisha na hiyo ikaisha.

Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Ugonjwa ulikuwa wa kifua. Mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwapo wodini, nimeiona, imefunikwa shuka, juu yake kibandiko: INATENGENEZWA. Ilikuwa inatengenezwa kwa miezi saba. Nilikaa siku mbili nikikitazama kile kibandiko, herufi zimebanana upande mmoja, nikajua aliyekiandika hakujali, na aliyemtuma akiandike hakujali zaidi. Mkuu wa hospitali alihamishiwa hospitali kubwa kuliko ile. Hao ndivyo wanavyoadhibiana wenyewe kwa wenyewe.

Nilibaki na binti yetu mmoja. Ana duka dogo la kuchapa kadi na mabango, hatua mia mbili kutoka nyumbani, lakini analala kwangu kwa kuwa anaogopa nikiachwa peke yangu sitakula. Ni yeye aliyenifufua. Ghafla vijana wenye mikahawa walianza kutaka vitu vya kizamani, ukuta uonekane wa babu, chupa ionekane ya bibi. Binti yangu akanisogezea kiti, akasema, "Baba, nichoree alfabeti yako yote, kubwa na ndogo, na namba." Akazipiga picha, akazikokota kwenye kompyuta yake wiki tano, akatoka na fonti. Yaani mtu anabonyeza kitufe, inatoka herufi yangu mimi, na kivuli chake. Fonti akaiita Bibie. Nilitoka nje nikajifanya napiga chafya.

Kazi zikaja. Nembo za sabuni, majalada ya vitabu, mabango ya sinema tena, safari hii ya filamu mpya zinazojifanya za zamani. Watu wakaniita mtaalamu. Mtu wa darasa la nne!

Mwezi wa kumi mwaka jana ndipo alipokuja yule bwana. Kofia ya pama, viatu vya ngozi visivyo na vumbi, manukato yanatangulia mlangoni. Hakutaja jina. Alisema anatengeneza filamu ya mambo ya zamani, tajiri amekufa, watoto wanagombania nyumba, kwa hiyo anahitaji hati moja ya wakati ule, tupu, karatasi ya wakati ule, kila kitu.

Binti yangu alinivuta pembeni. "Baba, hiyo ni karatasi ya serikali."

"Ni filamu, mama. Kwenye filamu wanauana pia, mbona hawakamatwi?"

"Filamu gani inataka mpaka alama ya maji, ile ya kuonekana ukiinulia karatasi kwenye mwanga tu? Nani ataiona?"

"Anayejua kazi ataiona," nikamjibu, na hapo nilikuwa nimeshavimba kichwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyenitaka nifanye kitu kwa ukamilifu. Yule bwana aliujua udhaifu wangu kabla hajaketi.

Binti akachukua hati yetu ya nyumba kuwa mfano. Alipofika kwenye kichwa akaiweka ile S vilevile ilivyo, kichwa chini. Nikamwambia aigeuze.

"Ya kweli imepinduka, Baba. Nakala ni nakala."

"Mama yako aliicheka herufi hiyo mpaka anakufa. Sitaingia kaburini na S iliyosimama kwa kichwa. Igeuze."

Akaigeuza. Yule bwana alipokuja kuchukua alimshika binti mkono kwa mikono miwili, akamtaka amtumie na faili lenyewe, pamoja na fonti. Akatumiwa. Sikumwona tena, na filamu sikuisikia.

Sasa mnajua kwa nini Jumatatu ile nilisimama mlangoni na miguu yenye rangi.

Jioni hiyohiyo nyumba zote kumi na nne zilikutana uani kwa Mama Cherehani. Yeye ni mshonaji, jirani yangu wa ukuta mmoja, na Bibie alikuwa shoga yake, hivyo huniita shemeji. Kila mtu alikuja na hati yake, nyingine zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, nyingine zina alama za chai. Wakazitandaza kwenye meza ya kukatia nguo, na katikati wakaweka ile nakala ya mlangoni.

Nilizitazama kwa jicho la pembeni. Kumi na nne zimepinduka. Moja imesimama. Kwangu ilikuwa kama mtu mmoja amekuja msibani na tarumbeta. Nilijua mtu yeyote atapaza sauti sasa hivi. Nikahesabu pumzi. Hakuna aliyeona.

"Shemeji," akasema Mama Cherehani, "si ndiye wewe uliyezichora hizi? Hebu ziangalie. Hii yao ina kasoro?"

Watu wote wakanigeukia. Nikachukua miwani, nikaipangusa, nikaivaa, nikainama. Nikamwona binti yangu amesimama kwenye mlango wa ua, mikono imekumbatia mabega. Nikainuka.

"Zinafanana," nikasema.

"Umeangalia vizuri lakini?"

"Mama Cherehani, mimi nakufundisha kushona?"

Wakacheka kidogo. Kicheko kile kilinichoma kuliko matusi.

Asubuhi ya Jumanne nilimfuata binti dukani. Alikuwa ameshafunga mlango kwa ndani. Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Fonti ile ina mahali pa ndani, hapaonekani kwenye karatasi, lakini anayefungua faili anapakuta: jina la mtengenezaji, namba yake ya simu, siku aliyoitengeneza. Jina lake, jina la ukoo wangu, na juu yake neno Bibie.

"Kwa hiyo wakiambiwa ni ya kughushi," nikasema, "wataanzia kwako."

"Na wataishia kwangu, Baba. Yule mtu hatumjui hata jina."

"Nitasema nilifanya mimi peke yangu."

Akanitazama kwa huruma. "Baba, wewe hata kuiwasha hii kompyuta hujui. Juzi umebonyeza kitufe cha feni."

Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja. Kwa mara ya kwanza nikaona jinsi duka lile lilivyo dogo, mlango mmoja, dirisha moja lenye nondo.

"Tuseme," akasema. "Twende kwa Mkuu wa Idara mwenyewe, tumweleze yote. Tusiposema, watu wa nyumba kumi na nne wanalala nje, na sisi tukiwemo."

"Nyumba ni matofali."

"Nyumba ya mama?"

"Mama yako nimeshamzika. Wewe sitakuzika, wala sitakuletea chakula kwenye dirisha la gereza. Funga mdomo wako huo, na mimi nifunge wangu."

Hakujibu. Laiti angenijibu. Mtoto yule akinyamaza ujue anaamua.

Jumatano wakazi walinichagua mimi na Mama Cherehani twende Idara ya Usajili. Nilikataa, wakadhani naona haya kwa sababu ya Kiswahili changu cha vibao. Tulipita getini, mlinzi akatuandikisha kwenye daftari kubwa: jina, unamwona nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Tukapanda ngazi mpaka mlango wenye herufi za plastiki: MSAIDIZI WA MKUU. Mama Cherehani akabisha. Kabla hatujaingia nilisikia yale manukato.

Alikuwa ameketi nyuma ya meza, bila kofia safari hii, kipara kinang'aa. Akasimama, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mzee wangu! Karibu, karibu sana. Na binti yako, yule mwenye mikono ya dhahabu, hajambo?"

Mama Cherehani akanitazama, akamtazama. "Kumbe mnajuana?"

"Ah, mama, nani asiyemjua fundi wetu? Hati zote hizi ni mkono wake." Akacheka, na mimi nikajikuta nacheka, sauti imetoka kama mlango usiotiwa mafuta.

Alitusikiliza kwa adabu zote. Mama Cherehani aliongea kama aliyeshika mkasi, akataja miaka, akataja ndoa, akataja watoto waliozaliwa mle ndani. Yule bwana aliandika, akaitikia, "Naam, mama. Naam." Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Jambo hili litaisha kwa uhakiki. Ijumaa saa nne leteni hati zenu zote. Halisi, si nakala. Zitakaa hapa kwetu mpaka uchunguzi ukamilike."

Nilielewa palepale. Ushahidi pekee duniani kwamba ile ya kwao ni bandia ulikuwa ndani ya hati zile kumi na nne. Za majumba mengine ya mji zilishakusanywa miaka iliyopita zikabadilishwa kuwa kadi mpya. Upande wetu tu wa barabara ndio uliosahaulika, kama tunavyosahauliwa kwa maji na taa. Zikishaingia mle ofisini, zitachunguzwa na moto. Je, alikuwa ameshaiona ile S? Au ni tahadhari tu ya mwizi anayefuta nyayo hata pale ambapo hakukanyaga? Sikujua, na kutojua huko kulinitisha zaidi.

"Mtatupa stakabadhi?" akauliza Mama Cherehani.

"Tena yenye muhuri." Akafungua droo, akatoa karatasi iliyopigwa tayari. "Mzee wangu, wewe ni mtaalamu na umechaguliwa na wenzako. Hii ni kawaida tu. Inasema umeikagua hati ya kampuni, hukuona kasoro. Si ndivyo ulivyowaambia juzi?"

Juzi. Uani. Nani alimwambia?

"Saini hapo chini. Halafu nisalimie binti. Dukani kwake pale kuna nondo dirishani, vizuri sana, mji umeharibika."

Mkono huu umepaka rangi juu ya ngazi ya futi thelathini, upepo unavuma, haukupinda mstari. Siku ile uliupinda. Nikatia saini. Mama Cherehani akaitazama saini ile, halafu akanitazama mimi kwa muda, kama anayetafuta mshono ulipofumukia.

Tangu jioni ile gari jeupe lilisimama mkabala na duka la binti yangu. Halikuwa na bango wala namba ya kusomeka, tope limepakwa juu yake na mvua hatuna. Alhamisi lilikuwapo asubuhi, likawapo mchana. Nikamwambia binti afunge duka, akafunga. Tukakaa nyumbani, mapazia chini, tukila mkate mkavu mchana kweupe kama wafungwa.

"Baba, umesaini?"

"Nimesaini."

"Mama angesemaje?"

"Angeguna."

"Basi mimi siwezi kuishi na huo mguno," akasema.

Nikamkaripia. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia pia kuwa wakubwa ni walewale, kwamba huyo Mkuu anayetaka kumwendea anakunywa chai kikombe kimoja na msaidizi wake. Akasema huenda ndiyo, huenda siyo, mtu hawezi kujua kabla hajauliza. Nikasema mimi nimewauliza miaka arobaini. Akaingia chumbani kwake, nikamsikia anafungua droo, anafunga droo.

Ijumaa nilipoamka, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Nikadhani amekwenda dukani. Nikakimbia, kufuli liko mlangoni. Gari jeupe halipo. Sikujua kama ni heri au shari, nikasimama pale katikati ya barabara, watu wananipigia honi.

Saa nne kasoro nilikuwa nje ya geti la Idara. Majirani wote walikuwa wamejipanga kwenye ukuta, mifuko ya nailoni mikononi, wengine wamevaa nguo za kutokea. Mama Cherehani alikuwa mbele, ameshakusanya hati tisa kwenye mfuko wake wa vitambaa ili wasisumbuane mezani. Nilipowaona vile, wamesimama kwa adabu kwenda kukabidhi shingo zao wenyewe, kitu kikanikatika ndani. Sitajiita shujaa. Nilikuwa naogopa kuliko siku zote. Ila niliona kuwa kunyamaza kwangu hakujamlinda binti hata kidogo: gari lilikuja nikiwa nimenyamaza, nondo za dirisha zilihesabiwa nikiwa nimenyamaza.

"Msizitoe!" nikapiga kelele. "Msiwape hata moja!"

"Shemeji, una nini? Punguza sauti."

Nikampokonya mfuko, nikatoa hati ya kwanza iliyokuja mkononi, nikatoa ile nakala ya mlangoni mfukoni kwangu, nikaziweka pamoja ukutani. "Angalieni S. Hii ya kwenu, tumbo liko wapi? Juu. Hii ya kwao? Chini. Fungueni mifuko yenu wote, angalieni!"

Mifuko ikafunguliwa. Karatasi zikachakarika. Kisha mzee mmoja wa nyumba ya mwisho akasema taratibu, "Yangu iko juu." Mwingine akasema yake pia. Ikaenda hivyo mstari mzima, iko juu, iko juu, iko juu.

"Zilichapwa mara moja tu," nikasema. "Kosa langu mwenyewe. Hati ya mwaka ule yenye S iliyonyooka haipo, haijawahi kuwapo."

Mama Cherehani alikuwa wa mwisho kuinua macho. "Jumatatu uliniambia zinafanana."

"Ndiyo."

"Juzi ukatia saini mbele yangu."

"Ndiyo, shemeji."

"Sasa hii ya kwao nani kaichora?"

"Mimi," nikasema. "Nilidanganywa kwamba ni ya filamu. Lakini ni mimi."

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alizirudisha hati kwenye mfuko moja moja, akafunga kamba, akauvaa kifuani kama mtoto. "Marehemu alikuwa akisema wewe ni mtu mzuri mwenye kiburi cha kijinga," akasema. "Twendeni nyumbani. Wewe kamwambie Mkuu ulichotuambia sisi."

Wakaondoka. Nikaenda kwenye kibanda cha mlinzi, nikamwambia nataka kumwona Mkuu. Akanisukumia lile daftari kubwa. Nikashika kalamu, nikainamia ukurasa, na kama kawaida yangu nikaona herufi kabla ya majina. Mstari wa kwanza wa siku ile ulikuwa mwandiko ninaoujua. Nilimfundisha mimi, mezani kwetu, akiwa na miaka mitano, mama yake akimshika kiwiko. Jina la binti yangu. Anamwona nani: Mkuu wa Idara. Saa ya kuingia: mbili na dakika thelathini na tano.

Kisanduku cha saa ya kutoka kilikuwa kitupu.

"Huyu yuko juu?" nikamuuliza mlinzi.

Akaangalia, akakunja uso. "Ofisini kwa Mkuu hakuna mtu, mzee. Mkuu yuko safari tangu Jumanne."

"Basi yuko wapi?"

"Mimi nimeingia zamu saa tatu. Wa usiku ndiye aliyemwandikisha."

Nilipanda ngazi nikisukumana na watu. Mlango wa msaidizi ulikuwa umefungwa, manukato yamebaki kwenye ushoroba. Nikabisha kila mlango wa jengo lile. Wengine waliniambia nipunguze sauti, wengine waliniambia niandike barua.

Leo ni siku ya kumi na saba. Tingatinga halijaja, na wakili mmoja wa kujitolea amezipiga picha hati zote kumi na nne, anasema kesi ni nzuri. Majirani wananisalimia kwa mbali, ila Mama Cherehani huacha sahani ya chakula dirishani bila kubisha. Msaidizi yuko likizo. Mkuu amerudi safari, amenipokea, amenipa maji ya kunywa, akasema hajawahi kumwona binti wa namna hiyo na kwamba jengo lake lina mlango mmoja tu. Polisi wamesema mtu mzima akiondoka kwao ni hiari yake. Mlinzi wa zamu ya usiku amehamishwa, hakuna anayejua wapi. Pale getini wameweka daftari jipya, nimelifungua, linaanzia Jumatatu.

Kila asubuhi nakwenda. Wananijua sasa, wanaponiona wanaanza kupanga makaratasi yasiyohitaji kupangwa. Sipigi kelele tena. Nasimama mbele ya dirisha la kibanda, navua kofia, nauliza swali lilelile moja, na nawaachieni na ninyi mnaosoma, maana huenda yupo mmoja wenu anayefanya kazi mle ndani: jengo lina mlango mmoja, na binti yangu aliingia saa mbili na dakika thelathini na tano. Alitoka saa ngapi?